Somo kwa Vikundi vya Kujisomea: Daftari la Chama Likiwekwa "Winguni", Dhamana Ni ya Nani?



Katika misimu ya karibuni vyama vingi vya msingi vimetembelewa na wauzaji wa programu za kompyuta. Mgeni hufika na kompyuta yake ya mkononi, huonyesha kwa dakika chache jinsi uzito wa kahawa au korosho unavyoandikwa mizanini na jumla ikajitokeza yenyewe, kisha huwaambia wajumbe wa Bodi kwamba hakuna mashine ya kununua wala fundi wa kuajiri, kwa sababu "kila kitu kipo kwenye wingu". Wajumbe hutazamana. Mwenye ujasiri huuliza bei. Ni nadra kumsikia anayeuliza wingu hilo liko wapi, na ni la nani.

Swali hilo si la mafundi peke yao. Mwanachama huleta mazao leo, hupokea malipo ya awali, kisha husubiri miezi mingi hadi malipo ya pili. Katika muda wote huo shahidi wake ni mstari mmoja ulioandikwa katika daftari la chama, pamoja na kipande cha stakabadhi alichokihifadhi sandukuni nyumbani. Mstari huo ukipotea, hata kama fedha zipo benki, chama hakitajua kimlipe nani na kiasi gani. Kwa hiyo kulihamisha daftari kutoka kabatini kwenda kwenye kompyuta za mbali ni uamuzi unaogusa haki ya mwanachama moja kwa moja, na hapana budi Bodi iuelewe kabla ya kutia sahihi. Madhumuni ya somo hili ni kueleza wingu limejengwaje, huduma zake huuzwa kwa namna gani, na katika kila namna mzigo upi unabaki mabegani mwa chama.

Jina na kitu chenyewe

Jina "wingu" lilitoka kwenye michoro ya mafundi wa mitandao. Walipochora njia ya mawasiliano kutoka ofisi moja hadi nyingine, sehemu ya katikati ambayo haikuwa lazima kuieleza waliichora kwa umbo la wingu, yaani "huku ndani msijali". Jina likabaki, nalo limewapotosha wengi. Hakuna kilichoko angani. Kuna majengo yaliyosimama ardhini, yenye anwani, walinzi, na ankara ya umeme. Na ndani yake kuna kompyuta za mtu mwingine ambazo wewe unazitumia kwa malipo kupitia intaneti.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1961 Profesa John McCarthy wa chuo cha MIT, Marekani, alisema kwamba huenda siku moja kazi ya kompyuta ikauzwa kwa umma kama inavyouzwa huduma ya simu. Siku hizo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na watu wengi walianza kuitumia kwa zamu za haraka haraka, kila mmoja akijiona kana kwamba ni yake peke yake. Ilipita miaka arobaini na zaidi kabla wazo hilo halijawa biashara ya kawaida. Mwezi Machi mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu, na mwezi Agosti mwaka huo huo ikaanza kukodisha kompyuta zenyewe kwa saa. Mwaka 2011 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa maelezo rasmi ya maana ya huduma hizi, na maelezo hayo ndiyo yanayofuatwa mpaka leo katika mikataba mingi. Na sisi tutayafuata.

Ndani ya jengo

Tuanze chini twende juu, kama mjenzi.

Chini kabisa kuna jengo lenye umeme wa njia zaidi ya moja, betri na jenereta za akiba, na mitambo ya kupoza hewa, maana maelfu ya kompyuta zikifanya kazi pamoja hutoa joto kali. Kompyuta hizo huitwa seva. Hazina kioo wala kibao cha kuchapia. Zimepangwa katika makabati marefu ya chuma na kuunganishwa kwa nyaya.

Juu ya seva imewekwa programu msimamizi, ambayo kazi yake ni kuigawa seva moja iwe kompyuta kadhaa zinazojitegemea, ziitwazo mashine pepe. Hili si jambo geni: kampuni ya IBM ilikuwa ikiuza mfumo wa namna hiyo kwa kompyuta zake kubwa tangu mwaka 1972. Mfano wake ni ghala kubwa lililogawanywa kwa kuta za mbao, kila mpangaji akiwa na mlango na kufuli lake. Tofauti ni kwamba kuta hizi huhamishwa kwa dakika chache bila nyundo. Mpangaji akihitaji nafasi zaidi, ukuta unasogezwa. Akiondoka, nafasi anapewa mwingine. Hamjui jirani yake, wala jirani hamjui yeye, ingawa wote wamo ndani ya chuma kimoja. Ni ugawanaji huo unaoifanya bei iwe nafuu.

Kisha kuna uhifadhi. Mtunzaji mwenye bidii haweki kumbukumbu kwenye diski moja tu, kwa sababu diski huharibika kama kifaa kingine chochote. Huandika nakala kadhaa mahali tofauti. Watoa huduma wakubwa hupanga majengo yao kwa kanda; ndani ya kanda moja huwapo vituo kadhaa vilivyotengana, kila kimoja kikiwa na umeme wake, ili balaa likikipata kimoja vingine visimame. Katika Afrika, Microsoft walifungua kanda yao Afrika ya Kusini mwezi Machi 2019, Amazon wakafungua ya Cape Town mwezi Aprili 2020, na Google wakafungua ya Johannesburg mwezi Januari 2024. Hapa nchini Serikali ilijenga Kituo cha Taifa cha Data huko Kijitonyama, Dar es Salaam. Basi mtu akikwambia kumbukumbu zako zipo "winguni", una haki ya kumwuliza: katika kanda ipi, na katika vituo vingapi vya kanda hiyo?

Sehemu ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau, nayo ni kaunta. Katika ghala la kawaida unamkuta karani. Katika wingu karani ni programu: mteja mwenye ufunguo anaagiza mashine, anaongeza nafasi, au anafuta kila kitu, naye anatekelezewa papo hapo bila kuonana na mtu. Hili ndilo linalolitofautisha wingu na kukodi kompyuta kwa mtindo wa zamani. Ni urahisi mkubwa, na ni hatari ya kadiri hiyo hiyo. Aliyeshika ufunguo wa kaunta ameshika ghala zima.

Maelezo ya mwaka 2011 yanataja sifa tano za huduma hii: mteja kujihudumia mwenyewe, kufikika kwa mtandao kutoka kifaa chochote, wateja wengi kushirikiana katika mitambo ile ile, kupanuka na kupungua upesi kwa kadiri ya haja, na matumizi kupimwa kama maji ya bomba. Nne katika hizo zinajieleza. Ya kupanuka na kupungua inatuhusu sisi zaidi kuliko wafanyabiashara wengi wa mjini, kwa sababu kazi ya chama cha mazao ni ya msimu. Miezi mitatu au minne mizani haipumziki. Miezi iliyobaki karani hufungua daftari mara moja moja. Chama kinachonunua seva yake kinanunua ya kutosheleza siku ya msongamano mkubwa, halafu mwaka mzima inakaa ikila umeme na vumbi. Anayekodi hulipia msongamano siku za msongamano tu.

Namna tatu za kuuza huduma

Huduma za wingu huuzwa kwa namna tatu. Wanachama wa mikoa ya kahawa watazielewa upesi kwa mfano wa kiwanda cha kukoboa.

Namna ya kwanza ni huduma ya miundombinu, ambayo katika mikataba ya Kiingereza hufupishwa kwa herufi IaaS. Ni sawa na kukodi jengo tupu lenye umeme na maji. Mashine za kukoboa unaleta mwenyewe, fundi wako mwenyewe, mlinzi wa zamu wako mwenyewe. Mtoa huduma anakupa mashine pepe na nafasi ya kuhifadhi; kuanzia hapo kuweka mfumo endeshi, kuziba mianya ya usalama kila inapogunduliwa, kuweka programu na kutengeneza nakala za akiba, yote ni kazi yako.

Ya pili ni huduma ya jukwaa, herufi PaaS. Hapa unakodi kiwanda chenye mitambo iliyokwisha kufungwa na mafundi wake. Wewe unaleta namna yako ya kufanya kazi, yaani programu uliyoandikiwa kwa mahitaji yako, nao wanaiendesha. Hushughuliki na mfumo endeshi wala na mashine. Lakini programu ikikosea hesabu ya makato ya pembejeo, kosa ni lako na la aliyekuandikia.

Ya tatu ni huduma ya programu, herufi SaaS. Unapeleka kahawa ya maganda, unapokea kahawa safi na hati ya uzito. Huoni mtambo, hujui fundi. Katibu anayetumia barua pepe ya Gmail tayari anatumia huduma ya namna hii, hata kama hajawahi kuifikiria hivyo. Programu za mizani na za kuweka akiba na mikopo zinazoletwa vyamani aghalabu ni za namna hii: unalipa kwa mwezi au kwa idadi ya wanachama, unafungua kwa neno la siri, unaandika.

Kadiri unavyopanda kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, kazi yako inapungua na uwezo wako wa kubadili mambo unapungua pamoja nayo. Mwenye jengo tupu anaweza kufunga mtambo autakao. Mwenye kupeleka kahawa hawezi kumwambia fundi abadili chekeche.

Je, chama cha msingi kichague ipi? Maoni ya mwandishi wa somo hili ni kwamba chama cha msingi kisikodi mashine tupu hata kidogo, ijapokuwa bei yake ndiyo huonekana ndogo kuliko zote. Nakumbuka chama kimoja nilichokitembelea kwa kazi ya elimu, ambacho sitakitaja. Kijana mmoja hodari, mtoto wa mwanachama, aliwatengenezea programu nzuri na kuiweka kwenye mashine aliyoikodi ng'ambo kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe na kwa kadi yake mwenyewe ya benki. Misimu miwili ilipita kwa furaha. Kisha kijana akapata kazi mbali, kadi ikaisha muda wake, mtoa huduma akatuma onyo kwenye anwani ambayo hakuna aliyeisoma, na mwishowe mashine ikafutwa. Karani na wajumbe watatu walikaa majuma kadhaa wakiandika upya daftari kutokana na stakabadhi walizoombwa wanachama wazilete. Waliokuwa wamezipoteza, wengi wao wajane na wazee, walilazimika kuapa mbele ya mkutano. Hakuna aliyeiba. Kijana hakuwa na nia mbaya. Lakini chama kilikuwa kimemwachia mtu mmoja jengo, mitambo, fundi na ufunguo, na hakuna kumbukumbu ya mkutano iliyosema hivyo.

Kisichohamishika

Katika vikundi vya kujisomea swali lifuatalo huulizwa karibu kila mara, kwa hiyo tuliweke hapa kama lilivyo.

MJUMBE: Ndugu Katibu, ikiwa tumelipa, na mkataba unasema wao wanatunza, basi kitu kikipotea si wao watakaowajibika?

KATIBU: Mzee wangu, watawajibika kwa yale yaliyoandikwa. Jengo likiungua, diski ikiharibika, ni juu yao. Lakini karani wetu akimpa mtu neno la siri, huyo mtu akapunguza kilo za wanachama, kwa upande wao kompyuta imefanya kazi sawasawa. Imeandika ilichoambiwa.

MJUMBE: Na jengo likiungua, wataturudishia daftari?

KATIBU: Watarudisha kama kulikuwa na nakala mahali pengine. Kama hakukuwa, wataturudishia ada ya mwezi.

Jibu hilo la Katibu halikutiwa chumvi. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo kimoja kizima cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya kituo cha jirani. Hakuna aliyeumia. Wateja waliokuwa na nakala katika mji mwingine walirejea kazini. Wengi ambao nakala zao zilikuwa palepale walipoteza kila kitu. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamua kwamba mmoja wa wateja hao alipwe fidia, kwa kuwa mkataba wake uliahidi kwamba nakala ya akiba itatenganishwa na kumbukumbu za asili, kumbe zote zilikaa katika jengo moja. Yafaa ikumbukwe kwamba mteja huyo alisikilizwa kwa sababu neno la kutenganishwa lilikuwamo katika maandishi.

Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi. Australia kuna mfuko wa pensheni uitwao UniSuper, ulioanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi wa vyuo vikuu, wenye wanachama zaidi ya 600,000. Haugawi faida kwa wenye hisa, bali unaendeshwa kwa manufaa ya wanachama wake. Mwezi Mei 2024 huduma yake ya wingu binafsi ndani ya wingu la Google ilifutwa. Hakukuwa na mwizi wala moto: wakati wa kuweka mipangilio mtu wa kampuni aliacha nafasi moja bila kujaza, na muda ulipotimia mitambo ikafuta kama ilivyoelekezwa. UniSuper walikuwa wamejipanga katika maeneo mawili yaliyotengana, ila ufutaji ule uliyapata yote mawili, kwa sababu yote yalitii kaunta moja. Kwa zaidi ya juma moja wanachama hawakuweza kuona akaunti zao. Fedha zao hazikupotea, na kazi ilirejea kutokana na nakala za akiba, zikiwamo zile ambazo mfuko ulikuwa umeziweka kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Nakala mbili zinazotii ufunguo mmoja, kwa ajili ya balaa la namna hii, ni nakala moja. Chama kinahitaji nakala moja ambayo mtoa huduma hawezi kuigusa.

Nayo si ghali. Tufanye hesabu. Chama chenye wanachama 800, kila mmoja akileta mazao mara 40 kwa msimu, kina mistari 32,000. Mstari mmoja wenye jina, namba ya mwanachama, tarehe, daraja, kilo na bei hauzidi herufi 200. Jumla ni herufi 6,400,000, yaani nafasi inayokaribia ile ya picha mbili zilizopigwa kwa simu ya mkononi. Msimu mzima wa chama unaingia katika kifaa kidogo cha kuhifadhia chenye ukubwa wa kidole gumba na kukijaza sehemu ndogo tu. Tunachomlipa mtoa huduma ni uangalizi, wala si nafasi. Mweka Hazina anaweza kutoa nakala kila Ijumaa ya msimu, akaifunga kwa neno la siri, moja ikakaa katika kasha la chama na nyingine ofisi ya Muungano. Lakini nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni imani tu. Mara moja kwa msimu ifunguliwe mbele ya wajumbe, na kilo za wanachama watano zilinganishwe na stakabadhi zao.

Kuhusu funguo, taratibu zetu za fedha zinatosha kabisa kutufundisha. Hundi ya chama haisainiwi na mtu mmoja. Vivyo hivyo akaunti ya huduma iandikwe kwa jina la chama na kwa anwani ya chama, ifunguliwe kwa neno la siri pamoja na namba inayotumwa kwenye simu. Karani wa mizani apewe uwezo wa kuandika bila uwezo wa kufuta. Na anayebadili kilo zilizokwisha kuandikwa, jina lake na saa yake vibaki vinaonekana ili mkaguzi avikute. Mtumishi akiondoka, neno lake la siri lifungwe siku hiyo hiyo, kama anavyorudisha ufunguo wa ghala.

Aidha, majina ya wanachama, namba zao za simu na madeni yao sasa yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtambua anayekusanya taarifa, nacho ni chama. Tena inaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Mkataba na mwuzaji wa programu haukiondoi chama katika wajibu huo.

Njia ikikatika

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja. Intaneti ilidhoofika mno Tanzania na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Kompyuta za mbali zilikuwa nzima. Barabara ya kuzifikia ndiyo iliyovunjika. Na wala hatuhitaji kungoja bahari: mvua, umeme kukatika, au mnara wa simu kuzimika kijijini hutosha.

Kwa hiyo programu ya mizani inayokataa kuandika pasipo mtandao haifai kwetu, hata iwe nzuri namna gani. Ifaayo huandika kwanza katika simu au kompyuta iliyopo mizanini, ikatoa stakabadhi, kisha mtandao ukirudi ikapeleka yaliyoandikwa. Mwuzaji aombwe kuonyesha hivyo kwa vitendo: azime intaneti mbele ya Bodi, apime gunia, atoe stakabadhi. Kitabu cha stakabadhi za karatasi kisitupwe.

Mikataba huahidi pia kiasi cha upatikanaji wa huduma. Asilimia 99.9 husikika kama ukamilifu. Kwa mwaka mzima ni karibu saa 9 za kusimama. Asilimia 99.99 ni kama dakika 53. Tofauti ya bei ikiwa kubwa, chama chenye mizani inayoweza kuandika bila mtandao kinaweza kuvumilia zile saa 9.

Wingu la nani?

Maelezo ya mwaka 2011 yanataja pia aina nne za wingu kwa kadiri ya mwenye kulitumia: la umma, linalouzwa kwa yeyote, la binafsi, la taasisi moja, la jumuiya, linalotumiwa na taasisi kadhaa zenye mahitaji yanayofanana, na la mchanganyiko. Vitabu hupita haraka juu ya hilo la jumuiya. Sisi tusipite. Vyama arobaini vinavyonunua zao moja, kwa sheria moja, vikikaguliwa kwa utaratibu mmoja, ndivyo hasa taasisi zenye mahitaji yanayofanana. Kwa nini kila kimoja kisaini mkataba wake peke yake, kwa bei ya mteja mdogo, mbele ya mwuzaji aliyeleta mwanasheria? Wazee wetu waliounda muungano wa vyama vya kahawa Kilimanjaro mwaka 1933 waliona kwamba mkulima mmoja hana nguvu sokoni. Mbele ya muuza programu pia hana.

Muungano unaweza kukodi huduma moja kwa niaba ya vyama vyote, kila chama kikiwa na mlango na ufunguo wake, na Muungano ukamwajiri fundi mmoja ambaye chama kimoja hakiwezi kumlipa. Hata hivyo pasiwe na haraka. Muungano ukishika ufunguo wa daftari la kila chama, umeshika nguvu ambayo haukuwa nayo wakati daftari lilikaa kabatini kijijini. Vyama vikubali kwa azimio la Mkutano Mkuu, na masharti yaseme Muungano unaruhusiwa kuona nini, na hauruhusiwi kubadili nini.

Bei na mlango wa kutokea

Ada za wingu la umma aghalabu hutozwa kwa dola, ilhali sisi tunauza kwa shilingi. Bajeti iache nafasi ya kupanda kwa dola. Kwa kuwa matumizi hupimwa, kosa dogo la mipangilio laweza kuzaa ankara kubwa, kwa hiyo kiwekwe kikomo au angalau kengele ya kumjulisha Mweka Hazina.

Lililo gumu zaidi ni kutoka. Watoa huduma wengi hawatozi chochote kuingiza kumbukumbu, ila hutoza kuzitoa. Katika mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft walitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama kabisa, na Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, imeweka tarehe 12 Januari 2027 kuwa siku ya kukoma kwa ada za kuhama huko kwao. Sheria hiyo haitufikii sisi. Kinachotufikia ni kifungu tutakachokiandika wenyewe: kwamba kumbukumbu ni mali ya chama, kwamba chama kinaweza kuzitoa zote wakati wowote katika umbo la jedwali la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, na kwamba mkataba ukiisha, hata kwa sababu ya deni, kumbukumbu hazifutwi kabla ya siku 90 na kabla ya chama kuthibitisha kwa maandishi kwamba kimezipokea. Mwuzaji anayekataa kifungu hicho ameshaeleza mengi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Programu inayotumiwa na chama chenu, kama ipo, ni huduma ya namna gani kati ya zile tatu? Andikeni nani anawajibika kwa jengo, kwa mfumo endeshi, kwa programu, kwa nakala za akiba na kwa maneno ya siri. Palipo na nafasi isiyo na jina la mtu, pawekeni jina.

2. Akaunti ya huduma imeandikwa kwa jina la nani na kwa anwani ipi ya barua pepe? Mtu huyo akihama kesho, nani mwingine anaweza kuifungua?

3. Mwombeni Mweka Hazina alete nakala ya mwisho ya daftari la kompyuta aliyonayo mkononi. Ni ya tarehe gani? Ifungueni, na kila mmoja wenu atafute jina lake na kilo zake.

4. Je, ni haki chama kumtaka mwanachama aapishwe kwa sababu chama kimepoteza daftari? Mkataba wenu na mwuzaji unasemaje juu ya hasara ya namna hiyo?

Majibu ya swali la kwanza na la tatu yapelekwe kwa Afisa Elimu wa Muungano pamoja na muhtasari wa kikundi.